Chakula cha nje kina kosa gani ufukweni?



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya jambo lililotupata mimi na familia yangu tulipokwenda kuiona bahari.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mitundu, mkoani Singida. Tangu nitoke chuo cha ualimu ni mwaka wa kumi na mbili sasa naeleza kujaa na kupwa kwa bahari kwa kutumia beseni la maji, na chungwa ndilo mwezi. Nakiri mbele ya wasomaji kwamba bahari yenyewe sikuwa nimeiona. Watoto wa huku wanajua nyuki, alizeti na vichaka vya Itigi. Bahari kwao ni rangi ya buluu kwenye ramani, na kwa mwalimu wao ilikuwa hivyo hivyo.

Likizo ya Desemba 2024 niliamua liwalo na liwe. Treni ya umeme ilikuwa imeanza kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Nauli ya kawaida kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kwa mimi, mke wangu na watoto wawili ikawa 93,000 kwenda tu, mbali na basi la kutufikisha Dodoma. Tulifikia kwa shemeji yangu. Jumapili ya tarehe 15 mke wa shemeji akatufungia wali na maharage ndani ya hotpoti, tukapanda daladala kwenda pwani moja ya kulipia tuliyosifiwa. Sitaitaja.

Getini nikalipa kiingilio cha 16,000 kwa watu wanne. Sikubisha, kwani anayefagia mahali na kuweka mlinzi naye ana gharama zake. Ndipo mlinzi alipoiona hotpoti. "Mzee, chakula cha nje hakiruhusiwi. Kiacheni hapa, mtakikuta." Nikauliza sahani ya chipsi na samaki huko ndani ni bei gani. Akasema 15,000. Mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema, "Baba watoto, twende zetu." Fedha za kiingilio hazikurudishwa, eti risiti imekwisha kuandikwa. Tulikula nje, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Watoto walikula wali wakiisikia bahari nyuma ya ukuta ule bila kuiona, na mimi nikashindwa hata kuwatazama usoni.

Alasiri tukaenda Coco Beach, Oysterbay, ambako hatukudaiwa kiingilio. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, tukaketi mchangani. Mama aliyetuuzia akatupigia kelele tuondoe viatu: "Leo mwezi mpevu, hilo bamvua!" Kabla hatujamaliza mihogo maji yalikuwa yamefika tulipokuwa tumeketi, na kandambili moja ya mwanangu ilikwenda nayo. Neno bamvua nilikuwa nalifundisha kutoka kitabuni. Siku hiyo lililowesha suruali yangu hadi magotini, na mwanangu wa darasa la nne akaniuliza maswali ambayo beseni halijapata kuyaleta.

Sasa nauliza. Chakula cha nje kina kosa gani? Ikiwa ni uchafu, tutozwe fedha ya usafi. Ikiwa ni biashara, basi masharti na bei viandikwe barabarani, mtu asome kabla hajalipa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Najua ilitungwa kulinda mazingira, si hotpoti ya mke wa shemeji, lakini sidhani kama waliyoitunga waliuona ukingo wa maji kuwa ua wa nyumba ya mtu. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1871 iliwapa wafanyakazi siku za mapumziko, na treni za nauli nafuu zikawapeleka pwani za Blackpool na Margate, kwenda na kurudi siku ile ile. Wenye vyumba vya chai huko walineemeka kwa wingi wa watu wa kipato kidogo, mmoja mmoja na kikombe chake. Wenye pwani zetu wanasubiri tajiri mmoja anunue sahani nne.

Halmashauri zenye bahari nazo zingeweza kutenga sehemu yenye kivuli, maji na vyoo, ambapo familia itakula ilichobeba.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita wamesikia habari hizi na wanauliza wao watakwenda lini. Watasafiri zaidi ya kilomita 600, na chakula watabeba, kwani shule haina 15,000 ya sahani kwa kila mtoto. Naomba wahusika watujibu kupitia safu hii kabla hatujaanza kuchangishana nauli.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mitundu, Singida.