Maji Wazi Katikati ya Barafu: Sauti ya Mwenyeji Isipuuzwe

Katika bahari za ncha za dunia, pahali panapotarajiwa kufunikwa na barafu msimu wote wa baridi, hupatikana maeneo mapana ya maji yasiyoganda. Wanasayansi huyaita polinya, neno lenye asili ya Kirusi. Baadhi hutokea pale upepo mkali unapoisukuma barafu mbali na pwani kila inapojiunda. Mengine hutokea pale maji yenye joto kiasi yanapopanda kutoka kilindini na kuiyeyusha.

Maeneo haya si mapengo matupu. Maji ya bahari yanapoganda, chumvi nyingi husalia nje ya barafu, na maji yanayobaki huwa mazito yakazama. Kandokando ya Antaktika, maji ya namna hii huchangia mkondo baridi unaotandaa kwenye sakafu ya bahari kuu za dunia. Kwa hiyo, anayedhani kwamba habari za polinya zinawahusu wakazi wa nchi za baridi pekee amekosea.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba dunia ikizidi joto, maji wazi yataongezeka na polinya zitanufaika. Mfano wa Pikialasorsuaq, baina ya Greenland na Kanada, unaipinga dhana hiyo. Mwanga wa majira ya kuchipua huyafikia maji hayo mapema, vijimea vya baharini vikasitawi, na kwavyo wakaishi samaki, nyangumi, sili na mamilioni ya ndege. Wawindaji wa Kiinuiti wamejipatia riziki hapo kwa vizazi vingi, tangu kabla ya baharia Mwingereza William Baffin kufika mwaka 1616. Lakini uwazi huo hulindwa na barafu yenyewe: tao la barafu katika mlangobahari wa Nares huizuia barafu ya kaskazini isiteremke. Mwaka 2007 tao hilo halikutokea, na katika miaka kadhaa iliyofuata lilivunjika mapema au likakosa kujiunda. Barafu inayolinda ikitoweka, polinya nayo hupoteza kinga yake.

Je, mabadiliko haya yachunguzwe vipi? Setilaiti zimefanya kazi ya kusifika. Ndizo zilizoonyesha polinya ya bahari ya Weddell kati ya mwaka 1974 na 1976, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250,000. Hata hivyo, setilaiti huona uso wa bahari tu. Uwazi ulipojitokeza tena katika eneo hilo mwaka 2016 na 2017, watafiti walitegemea pia vipimio vinavyoelea majini na vingine vilivyofungwa kwenye sili.

Palipo na wakazi, kuna chombo kingine kisichostahili kudharauliwa: maarifa ya mwenyeji. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2016 Inuit Circumpolar Council iliunda tume kuhusu Pikialasorsuaq, na mwaka uliofuata tume hiyo ikapendekeza Wainuiti wenyewe waongoze uchunguzi na usimamizi wa eneo hilo. Pendekezo hilo ni la haki, tena ni la kisayansi, kwani anayesafiri juu ya barafu hutambua mabadiliko yake kabla hayajaandikwa katika jedwali lolote.

Mwanaisimu naye ana la kujifunza hapa. Neno polinya hutaja uwazi tu, ilhali Pikialasorsuaq humaanisha mbubujiko mkuu. Jina hilo huelekeza akili kwenye maji yapandayo na uhai yanaouleta. Katika lugha ya Wainuiti, siku ni barafu ya bahari. Mwanafunzi wa Kiswahili atatabasamu kwa sadfa hiyo, lakini asiishie hapo. Hana budi kujiuliza ni istilahi zipi atakazompa Mswahili ili aweze kuujadili msukosuko wa hali ya hewa kwa lugha yake. Utohozi unafaa, lakini istilahi inayoeleza jinsi jambo linavyofanya kazi hufundisha zaidi.

Barafu ya Pikialasorsuaq ikiisha, Mwinuiti atapoteza chakula, na jina lililotunza maarifa ya vizazi litabaki bila kirejelewa chake. Uchunguzi na uanzwe kwa kumsikiliza yeye.