Dosha Tatu si Nyota za Kuzaliwa

Siku hizi katika mabweni yetu swali la "Wewe unatoka wapi?" limepata mshindani: "Wewe ni vata, pitta au kapha?" Mtu anafungua simu, anajibu maswali kumi na mawili kuhusu ngozi yake, usingizi wake na hasira zake, kisha anapewa jina. Mwembamba mwenye mawazo mengi ni vata. Mwenye hasira za karibu na tumbo la kuunguza ni pitta. Mnene apendaye kulala ni kapha. Pamoja na jina huja orodha ya vyakula vya kuacha na, chini kabisa, unga wa kununua. Ninadai katika insha hii kwamba mchezo huu si Ayurveda. Ni utabiri wa nyota uliovishwa kanzu ya tiba, na hasara yake tunaipata sisi wanafunzi.

Tuanze na mafundisho yenyewe, maana si haki kupinga usichokijua. Ayurveda ni neno la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni elimu. Vitabu vyake vikuu vya kale, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vinafundisha kwamba ulimwengu una viini vitano: ardhi, maji, moto, hewa na uwazi. Viini hivyo vikiungana mwilini huwa nguvu tatu ziitwazo dosha. Vata, ya hewa na uwazi, huendesha kila mwendo, kuanzia pumzi hadi choo. Pitta, ya moto na maji, huyeyusha chakula na kutunza joto. Kapha, ya maji na ardhi, huushikanisha mwili na kulainisha viungo. Kila mtu anazo zote tatu, na hili ndilo jambo linalosahauliwa kwanza. Hakuna binadamu asiye na pitta. Asingeweza kumeng'enya hata uji.

Wataalamu wa Ayurveda hutenganisha mambo mawili. Prakriti ni mchanganyiko wa asili ambao mtu hutungwa nao mimbani. Vikriti ni mpotoko wa sasa, yaani jinsi dosha zilivyopanda au kushuka kwa sababu ya chakula, majira, umri au huzuni. Sasa tazama maswali ya simu. Je, unalala vizuri? Je, una wasiwasi? Je, tumbo hujaa gesi? Mwanafunzi anayajibu wiki ya mitihani, akiwa amelala saa nne na kula chapati kwa chai mchana na jioni. Bila shaka ataambiwa ni vata. Ameeleza hali yake ya wiki hii, akajibiwa kwamba ndivyo alivyozaliwa. Angejibu maswali yale yale wakati wa likizo, ameshiba na kupumzika kwao, huenda angepata jina jingine. Kipimo kinachosoma ratiba ya mitihani na kuiita maumbile hakifai kuitwa kipimo.

Pili, Charaka Samhita haimruhusu mganga kuamua kwa kutazama aina peke yake. Inataka mambo kumi yachunguzwe: asili ya mtu, mpotoko wake, ubora wa tishu, mshikamano wa mwili, vipimo vya viungo, mazoea yake, uthabiti wa nafsi, uwezo wa kula, uwezo wa kufanya kazi, na umri. Aina ni jambo moja kati ya kumi. Nchini India anayetaka shahada ya Ayurveda husoma miaka mitano na nusu, ukiwamo mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Simu humaliza kazi hiyo kwa dakika tatu. Tena mtindo huu wa kujipima kwa maswali ulipata umaarufu mkubwa kupitia vitabu vya Marekani vya kujitunza afya, kama Perfect Health cha Deepak Chopra, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichotufikia sisi ni nakala ya nakala.

Tatu, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi, orodha hizi hazijali tunakoishi. Ayurveda yenyewe huuliza mgonjwa anakaa katika nchi ya namna gani, kavu au ya majimaji. Huuliza ni majira gani. Huuliza amezoea nini, jambo linaloitwa satmya. Vitabu vyake hupanga ulaji kwa misimu sita ya India. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna vipindi viwili vya mvua na viwili vya ukavu. Lakini simu inamwagiza mwanafunzi wa Kampala atafute samli, choroko na mchele wa basmati, na inamkataza maharage kwa kuwa "huzidisha vata". Maharage! Chakula cha kujenga mwili ambacho wengi wetu tunakimudu kila siku, kando ya posho, ndicho kinachopigwa marufuku. Mganga aliyesoma angeanza kwa kuuliza huyu amekula nini tangu utotoni. Pengine angegundua kwamba matoke yaliyopikwa kwa mvuke, laini na ya moto, yanaituliza vata kwa mantiki ya Ayurveda yenyewe, bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Mtu aweza kusema: ni mchezo tu, unamdhuru nani? Mwenzangu mmoja wa bweni alikuwa akiungua tumbo kila usiku. Simu ilimwambia yeye ni pitta. Kwa miezi mitatu alikunywa maji ya giligilani, akaacha pilipili na nyanya, akajivunia nidhamu yake. Alipokwenda zahanati hatimaye aligundulika kuwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa ambao mara nyingi husababishwa na bakteria na hutibiwa kwa dawa zinazojulikana. Jina la pitta lilimpa maelezo yaliyomridhisha, na kwa kuwa aliridhika hakutafuta jibu lingine. Hayo ndiyo madhara ya maelezo mazuri yasiyopimwa.

Kisha kuna unga. Mwaka 2004 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha uchunguzi wa bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston. 14 kati yake zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Uchunguzi mwingine uliochapishwa humo mwaka 2008, wa bidhaa 193 zilizouzwa kwa intaneti, ulikuta kiasi cha moja kati ya tano zina madini hayo. Si ajali zote: lipo tawi la Ayurveda, rasa shastra, linalotumia metali kwa makusudi, likidai kwamba huzisafisha kwanza. Anayetumiwa kifurushi kisicho na maelezo, kutoka kwa muuzaji asiyemjua, hana njia ya kujua tawi lipi limemfikia.

Wapo watakaosema sayansi imeshathibitisha aina hizi. Watataja uchunguzi wa Delhi wa mwaka 2008 uliolinganisha jeni na damu za watu wa aina tofauti na kukuta tofauti. Ni kweli, na unastahili kusomwa. Lakini watafiti wale waliwachagua watu wa aina zilizo wazi kabisa, kwa vigezo vya Ayurveda. Tofauti kati ya makundi yaliyochaguliwa hivyo haithibitishi maswali ya simu, wala haithibitishi kwamba giligilani huponya vidonda.

Wengine watasema ninadharau elimu ya Mashariki kwa kuwa nimelishwa ya Magharibi. Hao nawaelekeza kwenye Kiswahili chenyewe. Ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi. Maana yake ni ubaridi mkavu, na si jina la kubahatisha. Ni urithi wa tiba ya Kiyunani iliyofika Pwani kupitia Waarabu, ambayo huupima mwili kwa joto, ubaridi, ukavu na unyevu. Kohozi tunaliita pia belghamu, nalo ni neno la tiba hiyo hiyo. Bibi wa Mombasa akisema chakula fulani kina baridi na hakimfai mzazi, tunacheka. Simu ikisema hicho hicho kwa Kisanskriti, tunalipa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisemi kwamba bibi yuko sahihi katika kila kitu. Wayunani walihesabu majimaji manne mwilini, Wahindi wakahesabu dosha tatu. Hesabu zote mbili haziwezi kuwa ukweli wa mwisho kuhusu mwili mmoja. Ninasema tuzipime zote kwa mizani moja.

Je, tutupe kila kitu? Hapana. Kula kwa wakati, kutokula kabla cha awali hakijashuka, kulala mapema, kubadili chakula majira yanapobadilika, kuangalia mwili unasema nini: hayo ni mashauri mema ya Ayurveda, na hayahitaji jina la aina wala unga. Kusawazisha mwili ni kazi ya kila siku inayofuata hali ya siku hiyo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wahadhiri wetu, tufundisheni historia ya tiba za Bahari ya Hindi, ya Ayurveda na ya Kiyunani, ili tuzijue kabla hatujauziwa. Nanyi wenzangu, maumivu yakizidi wiki mbili, nendeni zahanati mkaeleze dalili zenu moja moja, na jina mlilopewa na simu liacheni nje ya mlango.