Ndege Ni Yako, Roho za Watu Si Zako

Wako wenye ndege ndogo wasemao: "Ndege ni yangu, nimeinunua kwa fedha zangu, kwa nini niombe ruhusa ya kung'oa viti?" Neno hili ni baya, na lijibiwe.

Mwenye nyumba akitoboa dirisha, nyumba husimama. Ndege sivyo. Ndege huruka kwa mizani: uzito ukisogea mbele au nyuma kupita mpaka wake, rubani hawezi tena kuiongoza. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege moja ya L-410 ilianguka Bandundu, wakafa watu 20. Mmoja tu alipona. Yeye alisimulia kwamba mamba aliyefichwa katika mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele, mizani ikapotea. Ikiwa hatua chache za abiria zaweza kuiangusha ndege, si zaidi viti vikitolewa na magunia kuwekwa mahali pake?

Nasi watu wa Masisi na Walikale twayajua magunia hayo. Miaka ya 2000 ndege zilitua juu ya barabara kule Kilambo, zikachukua kasiteriti ya Bisie mpaka Goma. Jiwe hilo huyazidi maji kwa uzito karibu mara 7. Gunia ni dogo machoni, lakini sakafu ya ndege haidanganyiki.

Basi sheria yataka nini? Mchoro wa badiliko uhakikiwe na wenye elimu. Serikali ambayo ndege imeandikishwa kwake iukubali, nayo kwetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga huko Kinshasa. Fundi mwenye cheti afanye kazi na kuiandika katika daftari. Kisha ndege ipimwe uzito upya.

"Lakini ofisi hukawia!" watasema. Afisa anayelalia karatasi bila sababu, au anayengoja kitu mkononi, alaumiwe wazi, maana awafundisha watu kufanya kwa siri. Hata hivyo kosa lake halikupi wewe ruhusa. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, ndege iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kupaa, ikaingia soko la Simbazikita, ikaua watu zaidi ya 200. Hao hawakupanda ndege. Walikuwa sokoni tu.

Abiria hawezi kusoma daftari ya fundi. Aketi tu, akimtumaini mwenye ndege. Asiyetaka kukaguliwa, ndege yake na ibaki chini.