Usimfukuze chumbani, kwanza hesabu vidonge

Shoga yangu alinipigia simu saa tano usiku, analia. Anawashwa kule, anatokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na mumewe ameshatupiwa shuka akalale sebuleni. “Huyu mwanaume kaniletea!” Nikamuuliza, wewe wiki iliyopita si ulikuwa unaumwa jino, ulipewa dawa gani? Kimya. Kumbe ndiyo kwanza amemaliza dozi ya antibayotiki.

Wadada, hapa ndipo tunapochemsha. Ukeni wanaishi bakteria wazuri, laktobasili, wanaotengeneza asidi na kuwabana fangasi wasizaliane ovyo. Antibayotiki haichagui. Inaua wale wabaya, na walinzi wako nao inaweza kuwafyeka. Fangasi dawa hiyo haiwagusi, basi wanajiachia! Tumboni nako mambo ni hayo hayo, ndiyo maana wengine huharisha wakiwa kwenye dozi.

Probayotiki ni hao bakteria wazuri, wakiwa hai, unaowala makusudi. Pale Mwanza, mtaa wa Mabatini, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza miaka ya 2000 kutengeneza yogati yenye bakteria aitwaye GR-1, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Wakaiita Fiti. Bakteria mwenyewe alipatikana mara ya kwanza kwa mwanamke mwenye afya zake, yaani ni wa kwetu kabisa.

Ila sikupambi. Ushahidi mzuri uko upande wa tumbo: probayotiki hupunguza uwezekano wa kuharisha kwa sababu ya antibayotiki. Kwa fangasi wa ukeni bado ni hafifu, na wakishakushika wanatibiwa kwa dawa ya fangasi, si kwa yogati. Na usije ukajipaka mtindi huko, jamani!

Ukiandikiwa dozi, imalize. Mtindi kunywa saa mbili hivi baada ya kidonge, usije ukawaua wageni wako mlangoni. Usiupashe moto. Soma na pakiti, maana zipo yogati zilizopashwa moto baada ya kuganda, humo hakuna aliye hai. Ukigandisha nyumbani, maziwa yachemshe kwanza, yapoe, ndipo utie kimea. Mtindi wa maziwa mabichi unaweza kukupa homa ya brusela. Mwenye kinga dhaifu sana aongee na daktari kabla ya kununua vidonge vya probayotiki.

Na muwasho usiupimie kwa hisia, kwani magonjwa ya zinaa nayo yapo. Shoga yangu nilimsindikiza kliniki asubuhi. Kupimwa: fangasi tu. Mume akarudishiwa shuka lake siku hiyo hiyo. Samahani ndiyo ilichukua wiki nzima.