Neno la Siri Halikabidhiwi Steshenari

Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walimu wa shule za msingi ndio waliobeba mzigo wa kufuta ujinga. Asubuhi walifundisha watoto, jioni wakafundisha wazazi wa watoto hao. Ilipofika mwaka 1986, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa chini ya asilimia 10.

Leo ni aibu kuona kwamba miongoni mwa warithi wa walimu hao wamo wanaochukua cheki namba na neno la siri, wakayapeleka steshenari ya mtaani na kumkabidhi kijana wasiyemjua hata ubini. PEPMIS, mfumo ulioshika nafasi ya OPRAS, unamtaka kila mtumishi wa umma ajaze mwenyewe malengo ya kazi yake na utekelezaji wake. Badala yake anajaza kijana huyo, ambaye hajui kama ndugu huyu anafundisha Hisabati au Historia, naye hunakili yale aliyomwandikia mteja wa jana. Hiyo ndiyo taarifa ya utendaji inayosomwa na Serikali! Na katika mfumo wa ESS hatari ni kubwa zaidi, kwani humo mtumishi huombea likizo, uhamisho, na hata mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Kumwachia mtu ufunguo huo ni sawa na kumwachia hundi iliyotiwa saini, isiyoandikwa kiasi.

Husemwa kwamba wenye makosa ni matapeli. Bila shaka, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikutungwa bure. Lakini ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii” umezunguka nchini miaka mingi, na bado unawanasa wasomi. Mtu asahihishaye insha kwa kalamu nyekundu anashindwaje kuuliza: pesa ipi?

Umri nao ni kisingizio. Mama auzaye mchicha sokoni hulipwa kwa simu, na hatoi fungu kabla ya kutazama salio.

Hata hivyo, haki itendeke. Wapo wakuu wa ofisi wanaodhani kwamba waraka ukishafika, mfumo umekwisha kuanza kazi. Tarehe ya mwisho hutangazwa kwa ukali, mafunzo huishia kwa maofisa wachache wilayani, na mwalimu wa kijijini, ambaye hupata mtandao akipanda kichuguu, hutishiwa barua ya kujieleza. Huo ni urasimu mtupu, nao ndio unaompatia kijana wa steshenari wateja wake.

Maofisa TEHAMA wa Halmashauri watoke ofisini. Waende kwenye vituo vya walimu alasiri, baada ya vipindi, na kila mwalimu aje na simu yake. Asiondoke mtu kabla hajabadili neno lake la siri kwa vidole vyake mwenyewe.