Mwenye Figo ya Kupandikizwa Asione Haya Kusema



Kupandikizwa figo si habari ya Ulaya na India peke yake. Tangu mwaka 2017 kazi hiyo inafanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaanza Dodoma. Anayepandikizwa anarudi kuishi na sisi, kwenye ndoo zilezile na foleni zilezile. Kama ni wewe, au mgonjwa wako, soma hapa.

Wapo wanaomwona mtu huyo kama yai. Asichote maji, asilime bustani, akae tu. Mimi sikubaliani nao. Jeraha likishapona na daktari akiruhusu, tembea, fanya kazi zako, cheka na watu. Kinachomwangusha mgonjwa mara nyingi si kazi, ni haya. Anaona haya kumeza dawa mbele za watu, basi siku ya mgao anaziacha nyumbani, na foleni inamshika hadi jioni.

Dawa hizo zinazuia kinga ya mwili isiishambulie figo mpya, maana mwili unaiona kuwa ni mgeni. Ukizoea kumeza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, shika saa hizo kila siku, maisha yote ya figo hiyo. Kujisikia mzima si dalili kwamba umemaliza dawa. Ni dawa zenyewe zinazokuweka mzima! Weka dozi mfukoni unapokwenda kwenye mgao. Anayeuliza mjibu, asiyeuliza mwache atazame.

Ukifika zahanati, sema kabla ya kitu chochote: "Mimi nina figo ya kupandikizwa." Usingoje kuulizwa. Muuguzi ana watu wengi mbele yake, na figo mpya imewekwa chini tumboni, chini ya nguo, haioni. Ukisema, hatakupa diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, kwani zinaweza kuiumiza figo. Ikija kampeni ya chanjo ya surua au homa ya manjano, usipange mstari kwa kufuata wengine. Chanjo hizo zina virusi hai waliodhoofishwa, nazo hazikufai. Nyingine zinakufaa, uliza.

Jirani atakuletea mizizi na majani kwa moyo mwema kabisa. Mshukuru, usinywe. Balungi nalo liache, linapandisha nguvu ya baadhi ya dawa hizo kupita kiasi. Dagaa wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe, au wapishe wengine.

Kwa kuwa kinga yako imepunguzwa, maji ya kunywa chemsha, chandarua kisikose, na kikombe cha pombe kinachozunguka kipite. Watasema unaringa. Waache waseme. Homa ikipanda, mkojo ukipungua, au sehemu ilipo figo ikiuma, nenda siku hiyohiyo, hata usiku.

Mama unayetaka mtoto, zungumza na daktari kabla ya kushika mimba, si baada, kwa sababu mojawapo ya dawa hizo inaharibu mtoto tumboni na hubadilishwa mapema.

Na wewe unayefikiria kurudi nyumbani: kabla ya kuandikisha jina, pita zahanati na faili lako. Uliza dawa utazipata wapi kule unakokwenda, na upewe za njiani.