Mama Mwanamichezo Asiachiwe Mzigo Peke Yake

Mwalimu wa kike aliyezoea karate au judo akijaaliwa mtoto, mara nyingi hulikunja vazi lake la mazoezi na asilikunjue tena. Hakuna sheria iliyomkataza. Hukatazwa na maneno ya watu: kwamba mama mzima kurusha mateke ni kukosa haya, na kwamba kila saa ya mazoezi ameiiba kwa mwanawe. Lawama hizo hazina msingi.

Hebu tutazame waliotangulia. Ryoko Tani wa Japani alitwaa nishani ya dhahabu ya judo katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na ya Athens mwaka 2004. Alijifungua mwishoni mwa 2005, na mwaka 2007 akawa bingwa wa dunia kwa mara nyingine jijini Rio de Janeiro. Naye Clarisse Agbegnenou wa Ufaransa alijifungua binti mnamo Juni 2022. Ilipofika Mei 2023, mtoto hajatimiza mwaka, mama akanyakua ubingwa wa dunia mjini Doha.

Huenda msomaji akasema kwamba hao ni mabingwa wenye madaktari na walezi. Naam, na hapo ndipo ilipo hoja yetu. Hawakurejea ulingoni kwa ushujaa wao pekee, bali palikuwa na watu waliowashika mkono. Hata katika kijiji cha wanamichezo cha Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, palitengwa mahali pa wazazi na watoto wao wachanga. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mkono mmoja haulei mwana.

Mama wa kawaida hatafuti nishani. Anatafuta pumzi, ukakamavu na utulivu wa moyo. Aliyekesha na mtoto, akafunza mchana kutwa, kisha akasahihisha madaftari hadi usiku, anastahili saa chache kwa juma zilizo zake mwenyewe. Mama aliyechoka hadi kuchakaa hamfaidi mtoto wala mwanafunzi.

Hata hivyo, haraka haina baraka. Mwili uliotoka kujifungua, hasa kwa kupasuliwa, unahitaji muda. Kwanza ipatikane ruhusa ya daktari, kisha aanze kwa kutembea na kuimarisha misuli ya tumbo na nyonga. Mateke na kuangushana yatafuata wakati wake ukifika.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Likizo hiyo ikiisha, kazi huanza upya na msaada hupungua. Twawasihi waume wajue kwamba kumlea mtoto jioni mbili kwa juma si hisani, ni wajibu wao. Walimu wakuu nao wasimpangie mama huyo shughuli za kila jioni, na makocha watenge pembe ambapo mtoto atakaa salama chini ya uangalizi.

Wanafunzi wa kike wanatazama. Wakiona mwalimu wao amezaa na bado anafunga mshipi wake, watajua kwamba uzazi haufungi milango. Wakimwona ameachwa peke yake hadi akakata tamaa, hilo nalo watajifunza.